Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Elimu, Afya na TAMISEMI: Hulka ya kijana si kosa la nidhamu

Waheshimiwa Mawaziri,

Kila shule inapofungwa, mzazi wa mwanafunzi wa sekondari hupokea ripoti yenye sehemu mbili. Ya kwanza ina alama za masomo na nafasi aliyoshika mwanafunzi darasani, nayo husomwa kwa makini na familia nzima. Ya pili inahusu tabia na mwenendo: kufanya kazi kwa bidii, utunzaji wa mali, ushirikiano, heshima, uongozi, utii, usafi, uaminifu, ushiriki katika michezo, na mbele ya kila kipengele herufi ya kupima kama zile za masomo. Mwalimu wa darasa lenye wanafunzi sabini huijaza sehemu hiyo mchana mmoja. Wale ambao majina yao yamezoeleka katika ofisi ya nidhamu hupewa D, waliowahi kuwa viranja hupewa A, na waliobaki, ambao mwalimu hana la kusema juu yao kwa uzuri wala kwa ubaya, hupewa B kuanzia juu hadi chini.

Nawaandikia nyinyi watatu kwa pamoja kwa sababu jambo hili halina mwenyewe mmoja. Wizara ya Elimu ndiyo yenye sera na mitaala, TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ndiyo inayoendesha shule na kuwapangia walimu vituo vya kazi, na Wizara ya Afya ndiyo yenye wataalamu wa afya ya akili; kijana anayeanza kuelemewa akiwa kidato cha pili huangukia katikati ya ofisi hizo tatu. Hoja yangu ni kwamba ile sehemu ya pili ya ripoti, hata kama hujazwa kwa haraka, inagusa jambo ambalo watafiti wanalihesabu kuwa miongoni mwa viashiria vya mapema kabisa vya afya ya akili ya kijana, yaani hulka yake. Shule zetu zimezoea kuitazama hulka kwa kusudi moja tu, la kuamua nani ana nidhamu na nani hana, na kwa njia hiyo zinawakosa vijana wa aina mbili: mkimya anayeumia bila kumsumbua mtu, na mtundu anayeadhibiwa kwa jambo ambalo adhabu haiwezi kuliondoa.

Wanasaikolojia wengi wa leo huieleza hulka ya mtu kwa mihimili mitano. Upo wepesi wa kupatwa na wasiwasi, huzuni na hasira. Upo uchangamfu wa kuwa na watu. Upo upole na utangamano. Upo uwajibikaji, yaani bidii, mpangilio na uwezo wa kujizuia. Na upo udadisi wa mambo na fikra mpya. Hakuna anayewekwa katika kundi moja akafungiwa humo, kwa kuwa kila mtu anayo yote matano kwa viwango vinavyotofautiana, kama vile watu wanavyotofautiana kwa kimo. Tafiti zilizolinganisha mapacha zimeonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti hizo kati ya watu zinatokana na urithi. Kwa hiyo mzazi anayesema kwamba mwanawe ndivyo alivyozaliwa anasema sehemu ya ukweli, na sehemu iliyobaki iko mikononi mwa nyumbani, mtaani na shuleni.

Kwamba hulka huonekana mapema si dhana ya mitaani. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwachunguza watoto wachanga wa miezi minne na kukuta kwamba takribani mmoja kati ya watano hurusha mikono na miguu na kulia anapoonyeshwa kitu kigeni au kusikia sauti ngeni. Wengi wa hao walikuwa waoga na wazito mbele ya wageni walipofika umri wa kutembea na kusema. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu 1,037 waliozaliwa kati ya mwaka 1972 na 1973, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1996 walionyesha kwamba watoto waliokuwa waoga na wa kujikunyata walipokuwa na umri wa miaka mitatu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, walipofika miaka 21, na waliokuwa wakali na wasiotulia walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuingia katika uhalifu. Nasisitiza neno uwezekano. Walio wengi miongoni mwa watoto waoga hawakuugua, na hapo ndipo penye kazi ya shule, kwa sababu kinachomtenganisha mwoga aliyeugua na mwoga asiyeugua ni pamoja na mambo yaliyomkuta njiani.

Watafiti bado wanajadiliana kuhusu namna hulka na ugonjwa wa akili vinavyoungana. Wapo wanaosema hulka ni udhaifu unaongoja tukio: mwenye wepesi wa wasiwasi akifiwa, akifeli au akidhihakiwa, huanguka pale ambapo mwenzake angeyumba tu. Wapo wanaosema hulka na ugonjwa ni kitu kilekile kwa viwango tofauti, hivyo wasiwasi uliozidi ndio huo tunaouita ugonjwa. Wengine wanaonyesha kwamba ugonjwa wenyewe huacha kovu katika hulka, kiasi kwamba kijana aliyepata sonona akiwa na miaka 14 anaweza kubaki mzito na mwenye kujitenga hata baada ya kupona. Nionavyo mimi, mwalimu hahitaji kungoja mjadala huo uishe. Maelezo yote matatu yanakubaliana kwamba hulka ya kijana ina habari ya kutuambia kabla hajaugua, na kwamba kuchelewa kumsaidia kuna gharama.

Umri nao una uzito wake. Ronald Kessler na wenzake, katika uchunguzi uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2005, walikuta kwamba nusu ya matatizo yote ya akili yanayompata mtu maishani huwa yameshaanza afikapo miaka 14, na robo tatu huwa yameshaanza afikapo 24. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika umri huohuo hulka yenyewe hutikisika. Uchunguzi uliosimamiwa na Christopher Soto na kuchapishwa mwaka 2011, uliokusanya majibu ya watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha kwamba upole na uwajibikaji hushuka kati ya utoto na mwanzo wa ujana kabla ya kupanda tena, na kwamba kwa wasichana wepesi wa wasiwasi na huzuni huongezeka katika miaka hiyo. Mama anayekuja ofisini kulalamika kwamba mwanawe alikuwa mtiifu hadi darasa la sita na sasa hamtambui, hajakosea kuona. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kujizuia na kupima matokeo ya tendo, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka ishirini na kitu.

Sasa naomba mtazame tunachomfanyia kijana huyo katika umri huohuo. Tunamhamisha shule. Lugha ya kufundishia inageuka kutoka Kiswahili kuwa Kiingereza kati ya Desemba na Januari. Wengine wanaondoka nyumbani na kuingia hosteli, na wengine, pale shule ilipo mbali na kijiji, wanapangiwa chumba mtaani, wenyewe wakikiita geto, ambako mtoto wa miaka 13 hujipikia na kujilinda. Mtoto mchangamfu huyapokea mabadiliko haya kwa kelele na kupata marafiki ndani ya wiki. Mtoto mwenye haya, ambaye darasa la saba alikuwa akinyoosha kidole kwa sababu lugha ilikuwa yake, hufika kidato cha kwanza na kugundua kwamba akikosea sentensi ya Kiingereza darasa zima litacheka, na katika baadhi ya shule atavishwa kibao shingoni kwa kusema Kiswahili. Huyo hunyamaza. Akinyamaza mwaka mzima, tunaandika katika ripoti kwamba ni mpole na ushirikiano wake ni wa wastani.

Jambo hili litakuwa kubwa zaidi karibuni. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, sambamba na waliobaki katika mfumo wa miaka saba, na mikondo hiyo miwili inatarajiwa kuingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Nimesikia mengi kuhusu vyumba vya madarasa, madawati na matundu ya vyoo vya kuwapokea, na ni sawa kabisa kuyaandaa. Bado sijasikia lolote kuhusu kwamba nusu ya watoto hao watafika wakiwa na miaka 12 hivi, yaani katika kipindi ambacho hulka inatikisika kuliko kawaida, na watapokelewa na walimu walewale katika madarasa yaliyojaa mara mbili.

Niruhusuni nikae kidogo kwa huyu tunayemwita mpole, kwa kuwa ndiye anayetupita zaidi. Nina mwanafunzi mmoja akilini, na habari zake nimezibadilisha kiasi ili asitambulike. Madaftari yake yote yamejalidiwa kwa gazeti, pambizo zimepigwa mstari mwekundu kwa rula. Akikosea neno moja, hachori mstari juu yake. Huchana ukurasa wote na kuuandika upya tangu mwanzo, hata kaunta buku yake ya Baiolojia ikifika mwisho wa muhula imebaki nusu ya unene wake. Ripoti yake ina A katika bidii, utii na usafi, na kila mwalimu aliyeijaza aliona fahari. Yalipokaribia majaribio ya kidato cha pili alianza kuumwa kichwa na tumbo. Zahanati walimpima malaria, wakakuta hana, wakampa panadol. Alirudi zahanati tena na tena na majibu yakawa yaleyale. Hakuna aliyemwuliza analala saa ngapi, wala kinachompitia kichwani anapochana ule ukurasa.

Kwa macho ya kitaaluma, kijana huyu ana viwango vya juu vya mambo mawili kwa pamoja, uwajibikaji na wepesi wa wasiwasi. Uwajibikaji peke yake ni kinga nzuri: watu wenye bidii na mpangilio, kwa wastani, huwa na afya bora na maisha marefu zaidi. Ukichanganyika na hofu ya kukosea, bidii ileile hugeuka kuwa mzigo, na kwa kuwa shule hushangilia bidii, mzigo huo tunauongeza kila tunapomsimamisha mstarini awe mfano kwa wenzake. Wala si jambo geni hapa kwetu kwamba dhiki ya nafsi hutoka kwa njia ya mwili. Mwaka 1962 katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia, hata shule ikalazimika kufungwa mwezi Machi, na madaktari waliowachunguza hawakukuta sumu wala vijidudu. Leo wasichana wakianguka na kupiga kelele bwenini, tunaita viongozi wa dini kwanza na nesi baadaye. Sina ugomvi na maombi. Ninachouliza ni kwa nini hatuna mtu wa tatu wa kuita.

Upande wa pili yuko mvulana anayeruka ukuta, anayejibu kabla swali halijaisha, anayepanda juu ya tangi la maji kwa kuwa mwenzake amesema hawezi. Huyu tunamjua sote na kitabu cha adhabu kinamjua zaidi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe. Waheshimiwa mnajua, na kila aliyesoma nchini anajua, kwamba katika shule nyingi fimbo huchapwa na mwalimu yeyote, wakati wowote, bila kuandikwa popote. Jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku adhabu hiyo mashuleni mwaka 2001.

Sitarudia hapa mjadala wote wa fimbo. Nataka kuongeza jambo moja linalohusu hulka. Grazyna Kochanska, mtafiti wa Iowa, Marekani, katika miaka ya 1990 alichunguza namna watoto wadogo wanavyojenga dhamiri, akakuta kwamba watoto waoga huijenga vizuri wakielekezwa kwa upole, kwa sababu ukali huwajaza hofu kiasi cha kutosikia wanachofundishwa. Watoto wasio na woga hawakujengwa na adhabu. Waliokuwa na dhamiri njema miongoni mwao ni wale waliokuwa na uhusiano wa karibu na wa kuaminiana na mama zao. Ukiyaleta matokeo hayo katika darasa letu utaona kwamba fimbo inamkosa kila mmoja kwa namna yake. Mwoga anaumizwa na fimbo anayochapwa mwenzake, naye huanza kukosa shule siku za mwalimu fulani. Mtundu huihesabu kama bei ya kitendo alichokifurahia, huilipa, na kurudi ukutani akiwa sasa na hadhi mpya mbele ya wenzake. Anapofika kidato cha tatu na kuanza kuvuta bangi nyuma ya maliwato, tunamsimamisha masomo, na kumsimamisha ni kumkabidhi kwa walewale waliompa bangi.

Na mwalimu, mwenye madarasa makubwa na vipindi vingi, hatumii fimbo kwa sababu ni mkatili. Anaitumia kwa kuwa ndicho chombo pekee alichokabidhiwa. Akikabidhiwa kingine atakitumia, na ushahidi wa hilo tunao hapahapa nyumbani. Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, pamoja na wenzake, waliwapa walimu wa shule za sekondari za Serikali mafunzo yasiyofika hata wiki moja kuhusu namna ya kuhusiana na wanafunzi bila ukatili, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 ukatili wa mwili na wa maneno ulipungua katika shule zilizopata mafunzo kuliko katika shule ambazo hazikupata.

Msaada unaofuata hulka upo pia, na hauhitaji daktari katika kila shule. Patricia Conrod, mtafiti wa Montreal, Kanada, alibuni utaratibu ambao wanafunzi hujaza dodoso lenye sentensi 23, na wale wanaoonekana kuwa juu sana katika mojawapo ya mambo manne (kukata tamaa, kuogopa dalili za wasiwasi mwilini, kutenda bila kufikiri, au kutafuta msisimko) hualikwa katika vikundi vidogo vya wenye hulka inayofanana. Hukutana mara mbili tu, saa moja na nusu kila mara. Hawaambiwi kwamba wana kasoro. Mwenye kutafuta msisimko hufundishwa kutambua ni wakati gani hamu yake inamsaidia na ni wakati gani inamponza. Mwenye kukata tamaa hujifunza kuyahoji mawazo yanayomjia baada ya kufeli. Katika shule za sekondari za London kazi hiyo ilifanywa na walimu wa kawaida waliopewa mafunzo, na matokeo ya miaka miwili yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha unywaji wa pombe ukipungua, na dalili za sonona, wasiwasi na utovu wa nidhamu zikipungua pia miongoni mwa vijana hao.

Aliye na shaka na mambo ya London atazame Nairobi. Programu ya Shamiri, iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn na wenzake, hutumia vijana waliomaliza sekondari karibuni, wasio na shahada yoyote ya saikolojia, kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vikao vinne. Moja ya mambo wanayofundisha ni kwamba tabia na uwezo wa mtu vinaweza kukua kwa juhudi. Katika jaribio la wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi, lililochapishwa mwaka 2021, waliopita katika vikao hivyo walipata nafuu zaidi ya wale waliofundishwa mbinu za kusoma. Hili nalitaja kwa makusudi, kwa sababu hatari kubwa ya barua kama hii ni kusomwa kana kwamba inasema hulka ni hatima. Brent Roberts na wenzake, walipojumlisha tafiti 207 mwaka 2017, walikuta kwamba matibabu na ushauri hubadilisha hulka za watu, na kilichobadilika zaidi ni ule wepesi wa wasiwasi na huzuni.

Ipo hatari nyingine, nami ningependa muikatae mapema kabla mtu hajaileta mezani kwenu kama ubunifu. Dodoso la hulka lisitumike kuchagua wanafunzi, kuwapanga katika mikondo, wala kuwanyima nafasi za uongozi. Majibu yasiwekwe katika faili linalomfuata mtoto kutoka shule hadi shule, kwa kuwa mwalimu mpya akisoma kwamba huyu ni wa kutafuta msisimko, ataanza kumwinda siku ya kwanza. Wala tusichukue dodoso la ng'ambo, tukalitafsiri wikiendi moja na kuligawa nchi nzima. Tunavyo vyuo vikuu vyenye watu wa saikolojia na watu wa Kiswahili. Wapewe muda na fedha walijaribu kwa watoto wa vijijini Nanyumbu na Kibondo kabla ya wa Masaki jijini Dar es Salaam, kwa sababu kumtazama mwalimu usoni, kubishana na mkubwa au kukaa kimya mbele ya wageni havina maana moja kila mahali.

Nikija kwenye ofisi yangu mwenyewe, mwalimu wa ushauri na unasihi katika shule ya kata ni mwalimu wa somo aliyeongezewa jina. Vipindi vyake havipunguzwi. Chumba hana, hivyo mwanafunzi humweleza habari za baba yake mlevi akiwa amesimama kwenye korido huku wenzake wakipita. Mara nyingi mtu huyohuyo ndiye matroni, au yumo katika kamati ya nidhamu, na mwanafunzi mwenye akili timamu hawezi kumwambia siri mtu atakayekaa kikaoni Ijumaa kumjadili. Kijana akionekana kuwa na hali nzito, mwalimu hana barua ya rufaa inayotambulika hospitalini. Humpigia mzazi simu, na mzazi, akisikia maneno afya ya akili, huiwaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na kukata simu.

Kwa Wizara ya Elimu, naomba muagize kwa waraka kwamba mwalimu wa unasihi asiwe mjumbe wa kamati ya nidhamu wala matroni, na kwamba apunguziwe vipindi kwa idadi itakayotajwa, kwa sababu kisichotajwa kwa idadi hakitekelezwi. Somo la hulka na afya ya akili ya kijana liingizwe katika mafunzo ya ualimu ngazi zote kama sehemu ya umahiri wa darasani, na sehemu ya tabia katika ripoti iandikwe upya ili mwalimu aandike sentensi mbili za alichokiona badala ya herufi za hukumu. Nakiri sentensi mbili kwa wanafunzi sabini ni kazi, lakini ni kazi inayomlazimisha mwalimu kumtazama yule wa B kuanzia juu hadi chini angalau mara moja kwa muhula.

Kwa TAMISEMI, naomba maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri wapangiwe shule kwa majina na ratiba, wafike hata mara moja kwa mwezi, na kila shule iwe na chumba kimoja chenye mlango unaofungwa. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ibandikwe mabwenini.

Kwa Wizara ya Afya, naomba fomu moja ya rufaa itakayomtoa mwanafunzi shuleni hadi kituo cha afya na hadi hospitali ya mkoa, na muuguzi wa afya ya akili atakayempokea bila kumchanganya na wagonjwa watu wazima wanaorukwa na akili. Naomba pia, kwa kushirikiana na wenzenu wa Katiba na Sheria, mkiangalie upya kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinachohesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo nchini mwao kinapingana na Katiba. Kifungu hicho kikiendelea kuwepo kwetu, mzazi ataficha, mwalimu atanyamaza, na kijana aliyenusurika atarudi darasani bila mtu yeyote kujua kilichomkuta.

Haya yote yanaweza kuanza katika mikoa miwili au mitatu na kupimwa na vyuo vyetu, ili mikondo miwili ya Januari 2028 ikute walimu waliokwisha kuzoea kazi hii. Majibu yenu naomba yaje kwa waraka unaofika shuleni kuliko kwa hotuba, kwa sababu waraka ndio mkuu wa shule anaouulizwa na mkaguzi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa ushauri na unasihi,
Shule ya sekondari ya kata, Mkoa wa Morogoro